Maneno ya Kiingereza yanayokwenda pamoja: acha kukariri neno moja moja

Kalamu_Nyekundu (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni wa wale ambao sarufi imeshatulia na msamiati upo wa kutosha, ila wakiandika barua ya kazi au ripoti, msomaji anahisi kuna kitu hakijakaa sawa. Mara nyingi neno lenyewe halina shida, shida ni jirani yake. Chukua "do a mistake". Kitenzi kipo, nomino ipo, "a" iko mahali pake, sarufi haina doa. Lakini mwenye lugha hasemi hivyo, anasema "make a mistake", na ukimuuliza sababu hana jibu.

Kiswahili nacho ni hivyohivyo. Simu inapigwa, picha inapigwa, pasi inapigwa, kura inapigwa, mswaki unapigwa, deki inapigwa. Rufaa inakatwa, tiketi inakatwa, tamaa inakatwa. Mgeni akikwambia "nimefanya simu nyumbani" utamwelewa vizuri tu, na papo hapo utajua ni mgeni. Wataalamu huita mambo haya "collocation". Humu tuseme kolokesheni, au maneno yanayooana, yote sawa.

Jambo ambalo vitabu vingi vya shule havisemi waziwazi: nomino ndiyo inayochagua kitenzi. Kwa hiyo usianze na orodha ya "make" na orodha ya "do". Anza na kitu unachotaka kukitaja, kisha uliza kitu hicho kinataka kitenzi gani. Simu inataka "make". Picha inataka "take". Kura inataka "cast", au unaacha nomino kabisa na kusema "vote". Pasi na deki zinageuka vitenzi vyenyewe: "iron a shirt", "mop the floor". Mswaki unatoweka, yanabaki meno: "brush your teeth".

Neno linalotuponza kuliko yote ni "fanya", maana kwetu linabeba kila kitu. Tazama linavyosambaratika likivuka kwenda Kiingereza: fanya uamuzi ni "make a decision", fanya kazi ya nyumbani ni "do homework", fanya sherehe ni "have a party" au "throw a party", fanya mkutano ni "hold a meeting", fanya ziara ni "pay a visit", fanya kosa la jinai ni "commit a crime", fanya upasuaji ni "perform an operation", fanya uchunguzi wa polisi ni "carry out an investigation". Nomino nane, vitenzi tisa. Anayekariri "fanya = do" ameshapotea kabla hajaanza.

Karibuni kwa nyongeza na maswali.

Mwanafunzi_wa_Jioni

Mkuu, asante kwa uzi. Ila shuleni tulifundishwa kwamba "do" ni kwa kazi na shughuli, "make" ni kwa kutengeneza kitu kipya. Kanuni hiyo ni ya uongo?

Kalamu_Nyekundu

Si ya uongo, ila haikufikishi mbali. Inashika kwenye kazi za nyumbani: "do the dishes", "do the laundry", "do the cleaning", "do the shopping". Inashika kwenye vitu vinavyozaliwa pale unapovisema au unapoviamua: "make a promise", "make a suggestion", "make a complaint", "make an excuse", "make a plan".

Inavunjika kwenye "make the bed", kwani hutengenezi kitanda, unakitandika. Inavunjika kwenye "do damage" na "do harm", wakati hasara ya fedha ni "make a loss" na faida ni "make a profit". "Do business" lakini "make a deal". "Do research" lakini "make progress". "Do someone a favour" lakini "make an effort". Hizo za pembeni hakuna njia ila kuzizoea moja moja.

Angalizo kwenye "research" na "progress": hazihesabiki. "Do a research" ina kosa hata kama kitenzi ni sahihi. Ziweke kwenye kundi moja na "advice", "information", "equipment", "furniture", "luggage", "evidence", "damage", "feedback". Zote hizo hazipokei "a" wala "s" ya wingi. Ukitaka moja, unasema "a piece of advice", "a piece of equipment".

Bi_Kamusi

Nachangia upande wa vivumishi, maana huko ndiko Waswahili tunaumbuka zaidi, na sababu ni neno moja tu: "kali". Sisi tunalo hilo hilo kwa jua, kisu, mwalimu, mbwa na pilipili. Kiingereza kinadai kivumishi tofauti karibu kila mahali:

jua kali: "hot sun", au "blazing sun" ukitaka kutia chumvi
upepo mkali: "strong wind"
kisu kikali: "sharp knife"
mwalimu mkali: "strict teacher"
mbwa mkali: "fierce dog"
pilipili kali: "hot chilli"
kahawa kali: "strong coffee"
maumivu makali: "severe pain", na ya ghafla hospitalini husemwa "acute pain"
homa kali: "high fever"
baridi kali: "bitter cold", au kwa kielezi, "bitterly cold"
mwanga mkali: "bright light"
ushindani mkali: "stiff competition" au "fierce competition"
onyo kali: "stern warning"
adhabu kali: "harsh punishment" au "severe punishment"
mjadala mkali: "heated debate"
kona kali barabarani: "sharp bend"

Angalieni kitu kimoja humo. "Sharp" inakaa na kisu na kona, na pia "sharp increase", yaani ongezeko la ghafla. "Severe" inapenda mabaya yanayopimika: "severe drought", "severe shortage", "severe damage". "Strong" inakaa na nguvu ya kusukuma au ladha: "strong smell", "strong accent", "strong argument". Kwa hiyo kuna mwelekeo, ila mwelekeo si sheria. Mwanaisimu Halliday alitoa mfano ambao unarudiwa mpaka leo: chai ni "strong tea" na haiwi "powerful tea", wakati gari lenye nguvu ni "powerful car". Maana karibu ni moja, ila kila nomino ina mchumba wake.

Fundi_Sentensi

Bi Kamusi, umesahau "kubwa", ambayo ni ndugu yake. Mvua kubwa si "big rain", ni "heavy rain". Sauti kubwa ni "loud voice". Gharama kubwa ni "high cost". Hasara kubwa ni "heavy losses". Foleni kubwa ya magari ni "heavy traffic". Idadi kubwa ni "large number", kiasi kikubwa ni "large amount". Heshima kubwa ni "great respect" au "deep respect". Usingizi mzito, kinyume na mnavyotarajia, ni "deep sleep", ingawa mtu mwenye usingizi mzito anaitwa "heavy sleeper".

Kati ya "big", "large" na "great" nawapa njia ya haraka. "Large" inapenda vipimo: "number", "amount", "quantity", "proportion", "population". "Great" inapenda vitu visivyoshikika, hasa vyenye sura nzuri au nzito: "great importance", "great care", "great difficulty", "great pleasure". "Big" ni ya mazungumzo na matukio: "big mistake", "big problem", "big difference", "big decision". Kwenye ripoti rasmi "big problem" huwa "serious problem" au "major problem".

Na bei! "Expensive price" na "cheap price" zimejaa kwenye matangazo ya mtandaoni. Bidhaa ndiyo inakuwa "expensive" au "cheap". Bei yenyewe ni "high price", "low price", "reasonable price". Nasi tunasema bei ghali bila wasiwasi, ndiyo maana kosa halionekani.

Mpita_Njia

Samahani wakuu, mimi naona hapa tunamtumikia Mwingereza bure. Kiingereza cha Afrika Mashariki kipo na kinaeleweka. Nairobi kila mtu anasema "pick my call" na "let me escort you" na hakuna anayepotea. Kwa nini nijinyime?

Kalamu_Nyekundu

Mkuu, hujanyimwa. Kama msomaji wako yuko Nairobi au Arusha, endelea. Swali ni nani anasoma upande wa pili. "Let me escort you" kwetu ni kumsindikiza mgeni hadi kituoni kwa upendo. Kwa msomaji wa Toronto au Manila, "escort" ina walinzi ndani yake, au ina maana nyingine ya mambo ya usiku ambayo hutaki kuihusisha na barua pepe ya ofisi. Kwake ni "let me walk you to the bus stop" au "I'll see you off". "Pick my call" wataielewa, ila wao husema "answer my call" au "pick up". "Add me salary" hawataielewa vizuri, wao ni "give me a raise" Marekani na "a pay rise" Uingereza.

Ukizijua zote mbili unachagua. Ukijua moja, umechaguliwa.

Kijana_wa_Bukavu

Huku kwetu Congo tuna shida ya pili, Kifaransa. Mtu anafikiri kwa Kiswahili, anapitia Kifaransa, anatokea Kiingereza amechoka. Kuna orodha ya mitego ya upande huu?

Bi_Kamusi

Ipo, kaka, na inawahusu pia ndugu wa Burundi na Rwanda waliosoma kwa Kifaransa.

Mkubwa kuliko yote ni mtihani. Kwa Kifaransa "passer un examen" ni kufanya mtihani, haijalishi matokeo. Kwa Kiingereza "pass an exam" ni kufaulu. Ukiandika kwenye maombi ya chuo "I passed the state exam in June" wakati matokeo hayajatoka, umetoa taarifa isiyo kweli bila kukusudia. Kufanya mtihani ni "take an exam" au "sit an exam".

Mingine: "assister à une réunion" inazaa "assist a meeting", sahihi ni "attend a meeting". "Faire attention" inazaa "make attention", sahihi ni "pay attention" ukiwa unasikiliza, na "be careful" ukiwa unavuka barabara. "Suivre une formation" inazaa "follow a formation", sahihi ni "attend a training course". "Prendre un café" inazaa "take a coffee", wao husema "have a coffee". "Poser une question" inazaa "pose a question", ambayo ipo kweli lakini ni ya vitabuni. Kila siku ni "ask a question".

Mwanafunzi_wa_Jioni

Hapo kwenye mtihani. Kenya watu wengi wanasema "do an exam". Ni kosa?

Fundi_Sentensi

Si kosa. Uingereza zote tatu zinasikika: "sit", "take" na "do". Marekani ni "take". Canada na Afrika Kusini utasikia pia "write an exam". Kinachoharibu ni kuchanganya: barua moja, mtihani mmoja, halafu kila aya ina kitenzi tofauti.

Tofauti nyingine za pande mbili, haraka haraka: kuoga ni "have a shower" Uingereza, "take a shower" Marekani. Fomu unai-"fill in" au unai-"fill out". Mwisho wa wiki ni "at the weekend" au "on the weekend". Kufanya uamuzi ni "make" kote, ila Uingereza "take a decision" nayo inaandikwa, hasa kwenye siasa na bodi za kampuni.

Kalamu_Nyekundu

Naongeza kundi lingine ambalo makosa yake ni ya Afrika Mashariki nzima: vihusishi vya ziada. "Discuss about the issue". "Request for a meeting". "Emphasise on quality". "Cope up with stress".

Chanzo cha tatu za kwanza kinaeleweka kabisa. Nomino ya neno hilo inadai kihusishi: "a discussion about", "a request for", "emphasis on". Kitenzi chake hakikidai. Mtu anachukua kihusishi cha nomino na kukibandika kwenye kitenzi. Kwa hiyo andika hivi daftarini, mistari miwili miwili:

"we discussed the issue" / "a discussion about the issue"
"I requested a meeting" / "a request for a meeting"
"they emphasised quality" / "an emphasis on quality"

Ukiziona pamoja, kosa linajirekebisha lenyewe. "Cope up with" nadhani imeiga "keep up with". Sahihi ni "cope with".

Wenzake wanaodai kihusishi kweli, na tunakosea kihusishi chenyewe: "interested in", "good at", "responsible for", "capable of", "married to", "depend on", "access to", "demand for", "increase in". Hiyo ya mwisho iangalieni. Ongezeko la bei ni "an increase in prices". "An increase of" inakuja kabla ya kiasi: "an increase of 10 per cent". Kwenye ripoti za takwimu watu wanazichanganya kila ukurasa.

Nesi_Msomi

Hospitalini tunaandika Kiingereza kila zamu. Nasikia njaa, nasikia maumivu, nasikia kizunguzungu, nasikia harufu. Mgonjwa anasema "I am hearing pain" na mwanafunzi anaandika hivyohivyo. Nipeni msaada hapo.

Bi_Kamusi

Dada, "kusikia" yetu ni ya mwili mzima, "hear" yao ni ya sikio peke yake. Maumivu: "feel pain" au "be in pain", na ya mahali fulani ni "have": "have a headache", "have a sore throat", "have chest pain". Kizunguzungu: "feel dizzy". Kichefuchefu: "feel sick" kwa Kiingereza cha Uingereza, "feel nauseous" kwa uhakika zaidi, kwani Marekani "feel sick" ni kuumwa kwa jumla. Njaa: "be hungry". Harufu: "I can smell gas", bila "hear" wala "feel".

Kwa maandishi ya wodini ongeza hizi: dawa haiwi "drink medicine", ni "take medicine", hata ikiwa ya maji. Daktari "prescribes" dawa, nesi "gives" au "administers". Mgonjwa "is admitted to hospital" na "is discharged from hospital". Mafua unaya-"catch": "catch a cold". Ugonjwa wa kudumu unau-"develop": "develop diabetes". Kupata mtoto ni "have a baby", si "get a baby". Mtu aliyejeruhiwa vibaya ni "seriously injured", lakini gari lililoharibika vibaya ni "badly damaged".

Na kwa kuwa uko kwenye afya: "commit suicide" ni kolokesheni ya kale kabisa, lakini miongozo mingi ya uandishi wa habari siku hizi inaikwepa kwa sababu "commit" inaandamana na dhambi na jinai. Inashauriwa "die by suicide".

Fundi_Sentensi

Bi Kamusi amefungua mlango mzuri hapo. Kuna maneno ambayo hayana ubaya ndani yake lakini marafiki zake wote ni wabaya, na harufu inabaki. "Cause" ndiyo mfano mkuu. Ukiangalia nomino zinazoifuata utakuta "problems", "damage", "death", "delay", "concern", "pain". Ndiyo maana "the project caused happiness in the village" inachekesha. Mradi "brought" furaha, au mafanikio "led to" kitu fulani. Hapa Kiswahili kinatusaidia, kwani "sababisha" nayo inapenda ajali na vifo. Furaha tunaileta.

John Sinclair, aliyeongoza mradi wa kamusi ya Cobuild pale Birmingham, alionyesha jambo hilohilo kwenye "set in": kinacho-"set in" ni uozo, kukata tamaa, hali mbaya ya hewa. Siku njema hazi-"set in".

Vielezi vina tabia hiyo pia. "Utterly" inavutwa na "ridiculous", "useless", "exhausted". "Bitterly" na "disappointed", "cold", "regret". "Deeply" na hisia: "deeply concerned", "deeply moved", "deeply sorry". "Highly" na uwezekano au sifa: "highly likely", "highly qualified", "highly recommended". "Fully" na ukamilifu: "fully booked", "fully aware", "fully equipped". "Strongly" na msimamo: "strongly agree", "strongly oppose". Kuweka "very" kila mahali hakuvunji sheria, ila maandishi yanakuwa ya darasa la saba.

Mpita_Njia

Haya, nimeanza kukubali kidogo. Sasa mtu atajuaje kama mbili zinaoana bila kuwa na Mwingereza pembeni? Mimi natafuta Google naangalia ipi ina matokeo mengi.

Kalamu_Nyekundu

Hesabu ya matokeo ya Google usiiamini. Ni makadirio, na humo ndani mna maandishi ya watu wanaokosea kama sisi. Tumia hivi:

Kwanza SkELL, tovuti ya kutafuta mifano ya matumizi ya maneno ya Kiingereza, ni bure na haihitaji kujisajili. Andika nomino, tuseme "decision", kisha bonyeza "Word sketch". Utapewa safu: vitenzi ambavyo nomino hiyo ni yambwa yake, vivumishi vyake, na kadhalika. Utaona "make", "reach", "reverse", "appeal", na vivumishi "final", "tough", "informed". Ukibonyeza neno unaona sentensi halisi. Soma sentensi tano, usiishie kwenye orodha, maana "appeal a decision" ni ya mahakamani, na bila sentensi hutajua.

Pili, Google Ngram Viewer, ambayo inapima vitabu, si kurasa za mtandao. Andika "make a decision,do a decision" ukitenganisha kwa mkato. Mstari wa pili utalala chini kabisa. Unaweza pia kuandika "*_VERB a decision" nayo itakupa vitenzi kumi vinavyoongoza. Chagua hazina ya maandishi ya Uingereza au ya Marekani kwenye menyu ukitaka kulinganisha.

Tatu, kwa mwenye bando na uvumilivu, COCA, hazina ya Kiingereza cha Marekani yenye maneno zaidi ya bilioni moja. Inataka kujisajili, na akaunti ya bure ina kikomo cha utafutaji kwa siku. Faida yake ni kwamba inagawa kwa aina: mazungumzo, riwaya, magazeti, maandishi ya kitaaluma. Hapo utaona "do research" na "conduct research" zote zipo, ila "conduct" inaegemea kwenye taaluma.

Usipokuwa na intaneti, fungua kamusi yoyote ya wanafunzi ya lugha moja, Kiingereza kwa Kiingereza, na usome mifano chini ya nomino. Kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili itakupa maana tu, majirani haikupi.

Mwanafunzi_wa_Jioni

Na daftari likae vipi? Nina kurasa kumi za maneno na hayaji mdomoni.

Bi_Kamusi

Hayaji kwa sababu yameandikwa upweke. Kiingilio kimoja kiwe na vitu vitatu: nomino, vitenzi viwili au vitatu tu, na sentensi moja unayoweza kuitumia wiki hii. Mfano:

"deadline": "meet", "miss", "extend". "Can we extend the deadline to Friday?"

Hivyo vitatu vinabeba maisha yote ya nomino: kutimiza, kushindwa, kuongeza muda. Fanya hivyo kwa nyingine. "Promise": "make", "keep", "break". "Contract": "sign", "renew", "breach". "Law": "pass", "enforce", "break". "Weight": "gain", "lose", "put on". "Meeting": "call", "chair", "postpone".

Tano kwa siku zinatosha. Ishirini kwa siku zinageuka ukurasa wa kumi na moja. Pembeni ya kila kiingilio andika Kiswahili chake. Kesho funika upande wa Kiingereza, soma Kiswahili, sema kwa sauti. Rudia siku ya 3, ya 7 na ya 21. Jaribio liwe kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza, maana huko ndiko kosa linakozaliwa. Kusoma Kiingereza na kutikisa kichwa "hii naijua" hakupimi kitu.

Na msiweke zinazofanana siku moja. "Tell a lie" na "say a prayer", "make" na "do", "rob" na "steal" zikikaa ukurasa mmoja zinavurugana. Ziachanishe hata wiki.

Msaka_Ajira

Wakuu, nimeokota kipande hiki cha barua ya maombi kwenye kundi la ajira, kinasambazwa kama mfano wa kuigwa. Kipitieni:

"I am requesting for a job in your company. I have a big experience in customer service. I did many trainings and I can cope up with hard pressure. My former employer gave me high responsibilities and I reached all deadlines. I promise to do all efforts for your company."

Kalamu_Nyekundu

Sarufi yake ina makosa machache. Majirani ndio wameiangusha. Kwa mpangilio:

"Requesting for a job" inakuwa "I am writing to apply for the position of", kisha jina la nafasi. Kazi haiombwi kwa "request", na "a job in your company" bila kutaja nafasi inaonyesha barua imetumwa kampuni hamsini.

"Big experience" inakuwa "extensive experience".

"Did many trainings": "training" hapa haihesabiki. "I have completed several training courses", na utaje mbili kwa majina.

"Cope up with hard pressure": pressure haiwi "hard". "I work well under pressure" ndiyo sentensi iliyozoeleka, imezoeleka hata kupita kiasi. Ukiwa na mfano wa kazi uliyoimaliza kwa haraka, weka mfano, ondoa sentensi.

"High responsibilities": cheo ndicho kinakuwa "high". Majukumu ni "considerable responsibility", au eleza: "I was responsible for a team of six".

"Reached all deadlines": unai-"reach" makubaliano, lengo au mji. Deadline ni "met".

"Do all efforts" inakuwa "make every effort". Si "all efforts", ni "every effort", umoja.

Fundi_Sentensi

Naongeza tahadhari moja kwa wanaojiandaa na IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa Kiingereza. Msamiati ni robo ya alama za kuandika, na vigezo vyao vinataja kolokesheni kwa jina kuanzia daraja la 7. Watu wakisikia hivyo wanajaza "burning issue", "double-edged sword" na "heated debate" katika aya moja, insha inakuwa kama kanga yenye majina matatu. Mtahini anaona zimebandikwa. Moja iliyokaa vizuri kwa aya inatosha, nyingine zote ziwe za kawaida ila sahihi: "play a role", "raise awareness", "meet the needs", "pose a threat".

Msaka_Ajira

Shukrani. Swali dogo: "vast experience" je? Naiona kila tangazo.

Bi_Kamusi

Ipo na haina kosa, hasa matangazo ya kwetu na ya India. Ila kijana wa miaka 25 akijiandikia "vast" anachekesha. "Extensive" inavumilika, "relevant experience" ni salama zaidi kwa sababu inamwambia mwajiri uzoefu huo unahusu kazi yake. Kama una miaka ya kuhesabika, taja: "five years' experience in", alama ya mkato wa juu ikae baada ya "s", au "five years of experience in" bila alama yoyote. Na kitenzi chake ni "have" au "gain". "Get experience" iache kwenye mazungumzo.